Uzi Mwekundu na Mabawa ya Nyuki

Nyumba yenye mlango wa kijani,
Mtaa wa nyuma ya kinu cha kusaga.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu Subana,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye mwanga, na hakuna mtu anayesoma nyuma ya bega lako. Shemeji yangu anaendeleaje na kazi yake ya kuchomelea mageti? Bado anakataa kuvaa miwani, halafu jioni analalamika macho? Goti lako la kulia limetulia? Na kidole chako cha kati, cha mkono wa kushoto, hakijambo? Hicho nakiuliza kwa makusudi, na sababu utaikuta huko mbele.

Mimi ni mzima, ila miguu huvimba nikikaa sana, na tangu nistaafu pale kiwanda cha mashati nakaa sana. Waliniaga kwa saa ya ukutani, nayo inachelewa dakika nne kila siku. Miaka thelathini na mmoja nimewakagulia mishono yao, halafu wananipa saa ambayo hakuna aliyeikagua. Nina shaka kuna mtu aliirudisha dukani kabla yangu.

Najua unashangaa kuuona mwandiko wangu. Nilikula kiapo kwamba sitaandika wa kwanza, na kiapo hicho nimekishika miaka miwili na miezi mitano, tangu asubuhi ile ya harusi ya binti yangu ulipobeba begi lako ukaondoka bila kunywa hata chai. Nilijiambia wewe ndiye mdogo, wewe ndiye utakayeanza. Kila mleta barua alipopita nilinyoosha shingo. Basi leo nakivunja mwenyewe, maana kuna mambo nimeyagundua ndani ya nyumba hii, na nataka kujua kutoka kwako kama bado nina mdogo wangu au nilimpoteza siku ile. Nitakueleza kama nilivyoyaona, moja baada ya jingine, na wewe usiruke mistari.

Mjukuu wangu Kifungo alitimiza miaka sita jana. Unamkumbuka alivyokuwa na pua ya duara kama kifungo cha koti. Pua bado ni ile ile, ila sasa ina maneno mengi chini yake. Tangu mwezi wa sita alikuwa akitutangazia kwamba bethidei yake itakuwa ya wadudu wa bustanini: kila mtoto aje akiwa mdudu, watoto tisa na yeye wa kumi. Nilimuuliza wazo hilo kalipata wapi, akatazama dari. Mtoto akiulizwa kitu halafu akatazama dari, ujue kuna mtu mzima aliyempanga.

Mama yake, mkwe wangu, unamjua: mpole, mchapakazi, na anaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba lazima umsogelee. Anafanya kazi posta, kaunta ya vifurushi. Mwanangu yuko safarini na lori lake wiki tatu kati ya nne, kwa hiyo humu ndani tumo wanawake watatu, mmoja wetu akiwa bado hajang'oka meno ya mbele. Mavazi ya sherehe yapo madukani, ya nailoni, yanachanika ukiyatazama tu, na bei yake ni ya kukufanya uombe kiti. Nikamwambia mkwe, mimi nipo na cherehani ipo, tutashona wenyewe.

"Mama, wewe pumzika," akasema. "Umekagua vya kutosha."

Neno hilo nililitafuna siku nzima.

Mimi si mtu wa kumdhania mwenzangu mabaya bila sababu, na hapo najua umecheka. Lakini kazini tulifundishwa kuligeuza kila shati ndani nje, hata lile linaloonekana zuri, hasa lile linaloonekana zuri. Basi nikaanza kuigeuza nyumba.

Kwanza, kabati la mkwe likapata kufuli, dogo, la aina ya masanduku ya shule. Pili, kila nilipoingia sebuleni yeye na Kifungo walinyamaza, kisha mmoja akaanza kuongea habari za mvua. Mvua mwezi wa saba. Tatu, na hili ndilo lililonikosesha raha, mkwe wangu akawa anajua mambo. Huyu ni mwanamke ambaye mwaka jana pindo la sare yake lilifumuka akalibana kwa pini za kubania karatasi, akaenda nalo kazini. Ghafla ananiambia kwamba rangi ya maji ukiichanganya na gundi kidogo haipukutiki kwenye maboksi, na kwamba sponji la godoro kuukuu hukatika vizuri kwa kisu cha mkate chenye meno. Nikamuuliza amejuaje.

"Nimesikia tu, mama."

Kusikia tu. Watu husikia tu kwamba fulani kahama. Habari za kukata sponji kwa kisu chenye meno lazima uambiwe na mtu.

Kazi yenyewe, sitaki kuwa mwizi wa sifa, walikuwa wanaifanya vizuri. Kila Jumamosi asubuhi walitandika magazeti barazani. Gamba la konokono walilitengeneza kwa vipande vya boksi walivyovizungusha na kuvigandisha kwa gundi ya unga, kisha wakalifunga juu ya begi la shule lililokufa zipu, mtoto alibebe mgongoni. Mwavuli mwekundu uliovunjika vyuma ukawa mabawa ya kile kidudu chenye madoa, na madoa yenyewe ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi nyeusi. Miguu ya buibui ni soksi ndefu nyeusi zilizojazwa matambara, zimeunganishwa kwa uzi, ili mtoto akiinua mikono yake miwili na ile mingine inyanyuke. Nilivyoona ile miguu ikinyanyuka nilitaka kupiga makofi, lakini nikajizuia. Ilikuwa kazi nzuri mno kwa mtu wa pini za karatasi.

Mimi, ili ninyamaze, nilipewa kiwavi. Nilichukua shuka ya kijani iliyochakaa katikati, nikaishona mfuko mrefu kwa cherehani, nikaujaza vitambaa kwa pembeni na kuubana kwa lastiki kila baada ya shubiri moja, ukatoka mwili wenye pingili. Alikuwa wa kuvaliwa na mtoto wa kinyozi, ambaye ni mnene na hapendi kukimbia. Mishono yangu ilinyooka kama kawaida. Nakuomba uikumbuke sentensi hiyo.

Sasa, yale mavazi ya kupendeza zaidi hayakuonekana barazani kabisa. Vipepeo wawili, kereng'ende mmoja, na nyuki wa Kifungo mwenyewe, hao walitoka kabatini wakiwa tayari, mmoja baada ya mwingine, wakaonyeshwa kwa dakika moja na kurudishwa ndani. Mabawa ya kitambaa cha wavu kilichovutwa juu ya waya, ukingo wa utepe wa dhahabu, na bitana kwa nyuma. Bitana, Subana, kwenye vazi la kuchezea. Nikauliza nani kashona.

"Rafiki yangu wa kazini."

Rafiki zake wa kazini nawajua wote. Mmoja ana mapacha, hana muda wa kukuna kichwa. Mwingine ana kucha ndefu ambazo haziwezi kushika hata bahasha.

Jumatatu, nikimwaga takataka, nikaona karatasi za kaki za kufungia vifurushi, zimechanwa vipande vidogo vidogo, na kamba yake imeviringishwa vizuri. Pembe yenye stempu ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Mahali pa anwani napo pamekatwa. Nilisimama pale na ndoo mkononi, machale yakanicheza. Mkwe mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba posta kuna rafu ya vifurushi ambavyo wenyewe hawaji kuvichukua, vinakaa miezi mitatu, vinajaa vumbi. Na mtu wa pini za karatasi anapata wapi utepe wa dhahabu?

Umeshaona nilikokuwa naelekea.

Siku iliyofuata nikaenda posta, nikajitia nasoma matangazo ukutani. Nilisoma tangazo moja la mbwa aliyepotea kwa dakika ishirini na tano. Nikamwona mkwe wangu akipokea kifurushi kutoka kwa mpangaji wa barua, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasaini mahali, kisha akakitia ndani ya kikapu chake na kukifunika kwa sweta. Nilirudi nyumbani nimeshika kuta.

Hapo mtu mwingine angemuuliza. Angesubiri arudi, amwekee chai, amuulize. Mimi nilitafuta daftari. Nikaandika tarehe, saa, karatasi, kamba, kikapu, sweta, kila kitu kwenye mstari wake, kama tulivyokuwa tunaandika kasoro za mashati. Alhamisi mkwe alikuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini, akatoka na Kifungo kununua maputo. Ufunguo wa kabati niliukuta ndani ya kopo la majani ya chai, mahali pa kwanza ambapo mtu asiyejua kuficha huficha. Nikamchukua nyuki, nikamtia kwenye mfuko pamoja na daftari, nikavaa gauni langu la kwendea ofisini, nikaenda kwa mkuu wa posta.

Karani wake aliniambia mkuu yuko kwenye kikao, nikae kwenye benchi. Nilikaa karibu saa nzima. Nataka ujue nilifikiria nini, kwa sababu nimeamua barua hii isiwe na bitana ya kufichia kitu. Nilifikiria kwamba mkwe atafukuzwa kazi. Nilifikiria mwanangu atakaporudi na lori na kuambiwa. Nilimfikiria Kifungo, siku mbili kabla ya bethidei yake, akimwona mama yake analia jikoni. Niliyafikiria yote hayo na bado nilikaa, kwa sababu mahali fulani moyoni nilikuwa nafurahi kwamba jicho langu halijazeeka.

Kisha nikamtoa nyuki kwenye mfuko, nimtayarishe. Bado natembea na kibiringo cha uzi mwekundu mfukoni, ule tuliokuwa tunafunga kwenye kasoro ili fundi ajue pa kufumua. Nikasema nitafunga kidogo kwenye bitana, mkuu aone kwamba hiki ni kitambaa cha dukani na si cha nyumbani. Nikaligeuza bawa la kushoto ndani nje.

Mishono ilikuwa imelalia upande mwingine.

Nikaisogeza karibu na macho. Kila mshono umelala kinyume, kama nyasi iliyopigwa na upepo wa kule badala ya wa huku. Mwisho wa pindo kulikuwa na vifundo vitatu. Mama alitufundisha sote wawili kwenye meza moja, kwa sindano moja ya kupokezana, na alitufundisha vifundo viwili. Mtu mmoja tu alikataa, tangu siku gauni la mwanasesere wake lilipofumuka mbele ya watoto wa jirani, akasema yeye atafunga vitatu mpaka afe. Na mtu huyo huyo ndiye peke yake katika ukoo wetu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto.

Pale chini, karibu na kifundo cha tatu, mshono ulikuwa umepinda kidogo, na pembeni yake kulikuwa na kidoa cha kahawia, kidogo kama kichwa cha pini. Nimeona damu ya vidole kwenye mashati miaka thelathini na mmoja. Siwezi kuikosea.

Mlango ukafunguliwa, mkuu wa posta akatoka na kikombe chake.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

Nilikuwa nimemkumbatia nyuki kifuani. Daftari lilikuwa juu ya magoti yangu, limefunguliwa.

"Nilikuwa nataka stempu," nikasema.

"Stempu ni kaunta ya kwanza, mama. Pale mlangoni."

Alinionea huruma, nilimwona. Nikaenda kaunta ya kwanza, nikanunua stempu moja. Ndiyo hiyo uliyoiona kwenye bahasha hii.

Nilitembea haraka ili nimrudishe nyuki kabla hawajafika, lakini mkwe alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Alitazama mfuko, akatazama gauni langu la ofisini. Nikampa daftari. Alilisoma akiwa amesimama, mstari kwa mstari, mpaka kwenye sweta. Nilitamani alie au anitukane. Hakufanya hata moja.

"Vifurushi ni vyangu, mama," akasema kwa ile sauti yake. "Vina jina langu juu. Nilikuwa nakata anwani ya anayevituma."

"Kwa nini umenificha?"

"Mama mdogo aliniomba. Alisema ukijua ni mkono wake, utafunga uzi."

Subana, nimeambiwa maneno mengi maishani. Hayo yaliniingia mpaka kwenye mfupa. Nilimwomba mkwe anisamehe, akajibu, "Nimekusikia, mama," na mimi si mjinga, najua kusikia si kusamehe. Tangu siku hiyo natengeneza chai ya asubuhi mimi. Anainywa. Tutaona.

Ndipo akanieleza. Kwamba alikuandikia mwezi wa tano akiomba ushauri, kwa sababu wewe huwashonea wanafunzi wa kule kwenu mavazi ya maigizo kutokana na takataka, na hakuna anayejua kama wewe. Kwamba ulimjibu wiki ile ile. Kwamba wadudu wa bustanini walikuwa wazo lako, na gundi kwenye rangi, na kisu cha mkate. Kumbe mtu mzima aliyekuwa juu ya dari ni wewe.

Sasa zamu yako ya kushukiwa imefika, maana sikuishia hapo. Ijumaa nzima nilizunguka nyumba hii nikigeuza vitu. Mkanda wa begi la shule la Kifungo: vifundo vitatu. Pazia la bafuni, ambalo mkwe alisema kalinunua: vifundo vitatu. Nikakaa kitandani kupumzisha miguu, nikaiweka juu ya ule mto mdogo ambao mkwe alinipa siku niliyostaafu, kisha nikaitoa, nikaugeuza mto. Mshono umelalia kushoto wote, Subana, pande zote nne. Mwaka mzima umeishikilia miguu yangu nami sijui. Nijibu kwa mkono wako: kuna kingine?

Nikueleze sherehe yenyewe, maana najua ndiyo unayoitafuta kwenye mistari. Ilikuwa uani, jana saa nane mchana. Keki aliioka mkwe, ikainama upande mmoja, nami sikusema neno, muulize. Watoto walikuja wote. Buibui aliinua miguu yake minane mpaka mtoto wa jirani akalia kwa hofu. Konokono aligoma kwenda polepole. Vipepeo waligombana, kereng'ende akawaamua. Na Kifungo, na mabawa yale, alikimbia, akaanguka, akapanda ukuta, akapenya kwenye ua wa miiba upande mmoja akatokea upande wa pili. Wavu ulichanika kidogo. Mshono haukuachia hata mmoja.

Aliyeachia ni kiwavi. Mtoto wa kinyozi aliinama kuokota biskuti, ukasikika mlio, na pingili ya nne ikafunguka kutoka juu hadi chini, vitambaa vikamwagika mbele ya wazazi wote. Kumbe shuka ilikuwa imechakaa kuliko nilivyoikagua, na mimi, kwa kujiamini, nilipitisha mshono mmoja tu. Wote wanajua kazi niliyokuwa nikifanya. Kifungo akaja mbio, akatia mkono mfukoni mwangu bila kuomba, akatoa kibiringo, akakata uzi mwekundu kwa meno yake ya pembeni, akaufunga kwenye mpasuko.

"Bibi, hapa umekosea," akasema.

Mkwe alishika mdomo. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokuwa nacheka nikaona kwamba machozi yanatoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilikuwa nimelikumbuka lile gauni la harusi.

Sasa nalifikia. Gauni la harusi ya binti yangu ulilishona wewe, miezi miwili, ukalileta mwenyewe ukiwa umelipakata safari nzima. Asubuhi ile lilitundikwa mlangoni na wakwe wameshaingia kulitazama. Nikalisogelea na uzi wangu, nikafunga mara kumi na moja, taratibu, wote wakiniangalia. Uliziangalia zile nyuzi moja moja. Kisha ukaingia ndani kuchukua begi lako.

Kasoro ilikuwa moja. Pindo la nyuma lilikuwa limepungua upana wa kidole, na hakuna mtu ambaye angeliona. Zile kumi nilizifunga kwenye mishono mizuri. Nilifanya hivyo kwa sababu jana yake binti yangu alilijaribu, akatoka chumbani, akapita mbele yangu akakukumbatia wewe kwanza, akasema hakuna aliyewahi kumshonea kitu kama hicho. Mimi nilimshonea sare zake zote, miaka kumi na miwili. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, nikakuaibisha mbele ya watu kwa kazi yangu, na nilijua ninachofanya. Kila siku tangu hapo nimekuwa nikijiambia kwamba umenuna bure. Hukununa bure. Nisamehe.

Kuna jingine, na hili hata mkwe halijui. Siku ile uliisahau subana ya mama dirishani. Subana ile ile ya chuma uliyokataa kuivua kidoleni utotoni hata wakati wa kula, mpaka tukakupa jina lake. Niliiona kabla basi lako halijaondoka, na ningeweza kumtuma mtu akimbie. Niliitia mfukoni. Niliwaza, atarudi kuichukua, hawezi kushona bila hiyo. Nikasubiri. Kumbe ulikuwa unashona bila hiyo, unaisukuma sindano kwa kidole kitupu, unatoboka, unaendelea, kwa ajili ya mjukuu wangu na kwa ajili ya miguu yangu. Ndiyo maana nimekiuliza kidole chako. Damu ile kwenye bawa ni deni langu.

Ule mshono uliopinda nimeuacha. Sikuufungia uzi wala sikuufumua. Kifungo amelala na mabawa yake usiku wa jana, na ameapa ataenda nayo shule.

Nisalimie shemeji, mwambie avae miwani. Nisalimie mwanao Mrefu, natumaini amepata mlango wa kumtosha. Msalimie baba mdogo wa redio, na shangazi asiyesikia umpungie mkono tu, ataelewa. Mkwe anakusalimu, ingawa nashuku mmeshasalimiana bila mimi. Kifungo anasema bibi mdogo oyee, na kwamba mwakani anataka samaki. Mungu ailinde mikono yako yote miwili, aipe macho yako mwanga na nyumba yako amani, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mara ya pili bila hasira.

Wako akupendaye, japo kwa kuchungulia,
Dada yako Mkaguzi

N.B. Usiikung'ute bahasha ukitafuta subana ya mama, haimo. Nimeifunga kwenye leso na kuitia katika kopo la sukari, nayo siitumi kwa posta, maana nimekaa kwenye benchi lao na nimeona mambo yanavyokwenda. Kitanda cha chumba cha nyuma kimetandikwa. Njoo uichukue mwenyewe.